MTOTO WA MIAKA MINNE HADAIWI SWALA, ATADAIWAJE BAKORA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darasa la leo ni refu na litawachoma baadhi yetu. Wa kwanza kuchomeka ni mimi mwenyewe. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika neno hapo chini.

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa hapa hapa Chumbageni alinisubiri nje ya msikiti. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa kiume, mtoto wa miaka minne na ushei. Akaniambia, "Shikamoo maalim. Mimi nimeshindwa. Huyu hataki tena kupita njia ya msikitini. Tukifika kwenye kona ile, anajikojolea."

Nikachuchumaa nimpe mkono. Akajificha nyuma ya buibui la mamake. Mama akakifungua kiganja cha mtoto akanionyesha alama. Amechapwa chuoni. Kosa lake nini? Alichanganya ba na ta. Herufi zenye umbo moja, tofauti yake ni nukta tu.

Sitakitaja chuo, wala sitamtaja ustadhi. Leo simtafuti mtu. Nakuuliza wewe msomaji: mtoto yule amejifunza nini kuhusu Uislamu? Alifu hajaijua sawasawa. Fatiha hajaimaliza. Lakini jambo moja amelihifadhi na hatalisahau: kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu inauma.

NAMI NIMO

Nilianza kusomesha chuoni nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa na bakora ya mpera, na niliiona ndiyo uhodari wa mwalimu. Watoto wakinyamaza nikipita, nilidhani wananiheshimu. Alikuwepo mtoto mmoja mwepesi sana wa kuhifadhi. Siku moja alisinzia, nikampiga. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Sikwenda kwao kumuuliza. Nikasema moyoni, mkaidi huyo, mwache aende.

Mwaka jana nilipanda bodaboda kutoka Ngamiani. Nilipotaka kulipa, dereva akakataa pesa. "Maalim, hunikumbuki?" Nikamtazama, nikamkumbuka. Nikafurahi, nikamuuliza anaswali msikiti gani. Akacheka kidogo, akageuza uso. Akasema, "Maalim, mimi na msikiti tuliachana siku ile."

Wallahi sikuwa na la kujibu. Nimetoa mawaidha miaka mingi kuhusu vijana walioiacha dini. Nimelaumu simu, nimelaumu mpira, nimelaumu muziki. Kumbe mmoja wao nilimfukuza mimi, kwa mkono wangu, akiwa hajafika hata umri wa kuamrishwa kuswali.

DINI IMESEMAJE?

Sote tunaijua hadithi ya swala. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha tuwaamrishe watoto kuswali wakifika miaka saba, na ukali uje baadaye, kwenye miaka kumi. Na wanazuoni wameuwekea mipaka ukali huo: usiumize, usiache alama, usiguse uso.

Sasa fanya hesabu. Swala ni nguzo ya dini. Hakuna ibada ya kila siku iliyo kubwa kuliko hiyo. Na bado, mtoto hapewi hata amri yake mpaka atimize miaka saba. Miaka saba ya mwanzo haina amri ya swala, wala haina bakora ya swala. Kama kwa swala yenyewe mtoto wa miaka minne hadaiwi, wewe unamdai kwa nukta ya ba na ta? Umeipata wapi ruhusa hiyo?

Mtu atasema, basi miaka saba hiyo ni ya kukaa bure. Sivyo. Ni miaka ya kuona na kupenda. Mtume (s.a.w.) aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Alirefusha sijda kwa sababu mjukuu alikuwa amempanda mgongoni na hakutaka kumharakisha. Alipomkuta yule mtoto, Abu Umayr, ana huzuni kwa sababu ya ndege wake, alimuuliza habari za ndege. Kiongozi wa umma, mwenye mambo ya vita na mikataba, anaulizia habari za ndege wa mtoto! Na Anas (r.a.), aliyemtumikia miaka kumi, ametusimulia kwamba hakuambiwa hata neno la kukemewa.

Umama akikua, ataikumbuka swala kuwa ni nini? Ni bega la babu yake. Mtoto wa mama yule ataikumbuka swala kuwa ni nini? Jibu mwenyewe.

Tena wanazuoni wetu walikwisha kulisema jambo hili, kabla hakijazaliwa chuo kikuu chochote cha Marekani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, kwa maana kumzuia kucheza na kumchosha kwa masomo siku zote kunaua moyo wake na kumfanya atafute hila za kukimbia. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ana fasili nzima inayosema kwamba ukali unawadhuru wanafunzi, hasa wadogo: unawafundisha uongo na kujificha, na unawaondolea uchangamfu. Hao si wafadhili. Hao si watu wa mradi. Hao ni wetu, na vitabu vyao viko kabatini kwetu, tunavifuta vumbi Ramadhani kwa Ramadhani.

"SISI TULIPIGWA NA TUMEKUWA WATU"

Hili ndilo jibu ninalolisikia barazani kila ninapolizungumza jambo hili. Tulipigwa, tukahitimu, tumekuwa watu.

Ndugu yangu, nani anayelisema neno hilo? Ni wewe uliyebaki. Aliyekimbia hayupo barazani kukujibu. Yuko kwenye kijiwe cha bodaboda. Ukivua samaki kumi wakachanika nyavu saba wakapotea, usije sokoni na watatu ukasema wavu wangu ni mzima. Tuhesabu na waliopotea.

Na hata sisi tuliobaki, je, tulisoma kwa sababu ya bakora au tulisoma pamoja na bakora? Mimi namkumbuka bibi yangu. Hakuwa na bakora. Alinifundisha kul-huwallahu jioni akipura mpunga, neno kwa neno, mimi nikichezea pumba. Sura hiyo haijanitoka mpaka leo. Nilizofundishwa kwa kiboko, nyingine nilizirudia upya ukubwani.

"HAYA MAMBO YA CHEKECHEA NI YA WAZUNGU"

Hili ni jibu la pili, na lina historia yake hapa kwetu. Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga katika miaka ya 1890, wazee wengi waliiogopa. Na shule nyingi nyingine zilikuwa za mishonari, kwa hiyo hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini hofu ile tuliilipia kwa miaka mingi. Wenzetu walishika kalamu, sisi tukabaki kulalamika kwamba ofisini hatumo. Je, tunataka kulipa mara ya pili, safari hii kwa watoto wa miaka minne?

Nitakupa mfano wa karibu, hapo Mombasa tu. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona jambo linalowauma. Watoto wao walikuwa wakiingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, na wazazi hawakutaka kuchagua kati ya dini na shule. Wakamwomba msaada Aga Khan. Kilichofuata, kwenye miaka ya 1980, ni skuli za awali zilizowekwa ndani ya madrasa zetu wenyewe. Mwalimu aliyeshika usukani alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa huko huko, Bi Swafiya Said. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Leo jumuiya zilizopitia mpango huo zinazidi 200.

Walifanyaje? Hawakuleta midoli ya plastiki kutoka ng'ambo. Walichukua vifuu, makombe ya pwani, vifuniko vya soda, kokwa na mbegu. Mtoto anahesabu makombe, anapanga vifuu kutoka mdogo hadi mkubwa, anamimina mchanga. Mwalimu ni binti wa kijiji hicho hicho, anafunzwa kazi kwa miezi, na kamati ya wazazi ndiyo yenye skuli. Dua za kula, adabu, visa vya Mitume, Kiswahili, hesabu, vyote viko humo humo, wala mtoto haoni kwamba dini iko huku na elimu iko kule. Watafiti waliwafuatilia mamia ya watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Waliosoma skuli ya awali waliendelea vizuri kuliko waliokaa nyumbani, na wale wa mpango wa madrasa waliwazidi hata wa skuli nyingine za awali.

Kuna atakayeruka hapa: "Maalim, Aga Khan si wa madhehebu yetu!" Ni kweli. Nami sikuiti kwenye madhehebu yoyote. Nakukumbusha Badr tu. Mateka wa Badr walikuwa washirikina waliotoka kutupiga vita. Wale wasiokuwa na fidia lakini wanajua kuandika, fidia yao iliwekwa kuwa wawafundishe watoto wa Answari kuandika. Kama Mtume (s.a.w.) alimpokea mshirikina awe mwalimu wa kalamu kwa watoto wa Madina, wewe unamkataa nani? Kinachotazamwa ni kinachofundishwa na anayekisimamia. Kikiwa chema na sisi ndio wasimamizi, tuchukue.

Na huko duniani wanafanya nini? Mwaka 1990 mataifa yalikutana Jomtien, nchini Thailand, wakakubaliana kwamba kujifunza kunaanza pale mtoto anapozaliwa. Subhanallah! Sisi tunamwadhinia mtoto sikioni siku ya kuzaliwa. Tulikwisha kulijua jambo hilo. Tatizo letu ni kwamba tukishaadhini tunanyamaza miaka minne, halafu tunarudi na bakora.

Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, mwaka 1962 walianza na watoto 123 wa familia maskini za watu weusi. Baadhi walipata skuli ya awali nzuri, na mwalimu akawa anawatembelea nyumbani kila wiki kuzungumza na mama. Wengine hawakupata. Wakawafuatilia mpaka wakafika miaka 40. Waliopata skuli ile walimaliza masomo kwa wingi zaidi, walipata kipato kizuri zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Kwa miaka miwili tu ya utotoni! Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka lengo kwamba ifikapo 2030 kila mtoto apate malezi na elimu ya awali. Na serikali yetu, katika Sera ya Elimu ya mwaka 2014, ikaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na tangu 2016 ada katika shule za serikali imeondolewa. Desemba 2021 ikazindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Dunia nzima inakimbilia mlango huu. Sisi wenye funguo tumeukalia kizingitini tunakunywa kahawa.

USIWALAUMU MASISTA

Sasa neno chungu. Nimewasikia baadhi ya wazazi wa Kiislamu wakilalamika: "Mwanangu anarudi kutoka chekechea ya masista anaimba nyimbo za kanisani." Nikamuuliza mmoja, kwa nini ulimpeleka? Akanijibu kweli: "Maalim, kule choo ni kisafi. Uji anapata. Na hawampigi."

Usiwalaumu masista. Wao wameifanya kazi yao kwa mujibu wa imani yao, na kwa watoto wana huruma. Laumu msikiti wenye jengo la chuo linalokaa tupu kuanzia alfajiri mpaka alasiri, popo tu ndio wanaosoma humo. Jirani akiwa na kisima kisafi na wewe umekiacha chako kiingie tope, mwanao akienda kunywa kwa jirani kosa ni la nani?

Na wapo wengine wanaokimbilia shule za Kiingereza za kulipia. Mtoto wa miaka minne anabeba begi kubwa kuliko yeye, anapewa kazi za nyumbani usiku, anakaririshwa maneno asiyoyaelewa. Huyo naye amepigwa, ila bakora yake ina tai na soksi. Mtoto anajifunza kwanza kwa lugha anayoiota. Kiingereza atakipata, hakina haraka.

Shule za serikali nazo tuseme ukweli. Utaratibu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Nenda ukahesabu mwenyewe darasa la awali lililo karibu nawe, kisha uniambie umekuta wangapi. Mwalimu ni mmoja, naye ni binadamu. Ndiyo maana nasema msikiti una nafasi yake. Tusiipinge serikali, tuisaidie kubeba.

PESA ZIPO

"Maalim, pesa hatuna." Hapo ndipo ninapokataa kabisa.

Msikiti wetu umechanga shilingi milioni nne na laki mbili. Kamati inataka kubadilisha vigae na kuongeza spika ya pili juu ya mnara. Vigae vilivyopo vimepasuka viwili. Spika iliyopo inasikika mpaka barabara kuu. Ustadhi wa chuo chetu analipwa kwa shilingi mia mbili mia mbili za kila Alhamisi, na nusu ya watoto hawaji nazo. Ana watoto sitini wa umri wote, wa miaka minne na wa miaka kumi na tatu kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyemfunza kusomesha wadogo. Halafu tunashangaa kwa nini ameshika bakora! Bakora ndiyo kifaa pekee tulichompa.

Ndugu zangu wa kamati, mnaosoma hapa nawajua, na nawaheshimu. Wengine ni wakubwa zangu. Nimewaambia uso kwa uso, na sasa nasema hadharani: Jumamosi tukikutana, mimi napiga kura dhidi ya vigae. Mtoto anayeogopa kuingia msikitini hatakuja kukanyaga vigae vyetu. Tutakuwa tumejenga msikiti mzuri wa wazee, na wazee, kama mjuavyo, tunakwenda mmoja mmoja hapo makaburini.

Pendekezo langu ni hili:

Kwanza, chumba kimoja cha chuo kitengwe kwa ajili ya wadogo wa miaka mitatu hadi sita, asubuhi, saa mbili mpaka saa tano na nusu. Wasizidi 25.

Pili, tuajiri mabinti wawili wa mtaani waliomaliza kidato cha nne, wapelekwe wakajifunze kazi ya kulea na kufundisha wadogo, na walipwe mshahara wa mwezi. Si "Mungu atakulipa". Mungu atawalipa, na sisi tutawalipa.

Tatu, kituo kisajiliwe kwa utaratibu wa serikali kupitia ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo. Tusifanye kazi ya Mwenyezi Mungu kwa kujificha.

Nne, bakora itoke. Isiwepo chumbani, isiwepo ukutani. Ustadhi naye afunzwe, aongezwe posho, apunguziwe idadi. Simfukuzi. Mimi nilikuwa yeye.

Tano, kodi ya fremu moja ya wakfu iwekwe kwa ajili ya uji wa watoto. Mwenye njaa hajifunzi alifu wala A.

Na wewe usiyeswali hapa kwetu, uliyeko Pangani, Muheza, Mombasa, Maskati au Birmingham, kaulize kamati ya msikiti wako maswali mawili: chuo chetu kinakaa tupu saa ngapi kwa siku? Na mwalimu wetu analipwa nini?

NA NYUMBANI JE?

Usidhani nimekusahau wewe baba. Luqman, ambaye Mwenyezi Mungu ameiweka nasaha yake ndani ya Qur'ani tukufu, alikaa na mwanawe akazungumza naye. Alimwita kwa jina la mapenzi, akamweleza na sababu ya mambo. Wewe mara ya mwisho umezungumza na mwanao lini, ukiacha "njoo", "nyamaza" na "kalete maji"? Simu imekuwa yaya. Mtoto anakula akiangalia simu, analala akiangalia simu.

Chekechea ya kwanza haina ada. Msimulie kisa cha Nabii Yunus na samaki. Mtegee kitendawili. Nenda naye sokoni ahesabu nyanya. Mwache apange viatu mlangoni, jozi kwa jozi, hiyo ni hesabu. Aulize "kwa nini" mara ishirini, na umjibu mara ishirini. Ukichoka, kumbuka sijda ile iliyorefushwa.

Ama yule mtoto wa Chumbageni, tumekubaliana na mama yake. Kila siku baada ya Alasiri wanakuja mpaka kwenye kona tu, mimi nawafuata. Siku ya kwanza alinipa mgongo. Siku ya tatu nilimpa tende, akaichukua bila ya kunitazama. Jana aliniuliza kama popo wa chuoni wana meno. Nikamwambia sijui, siku moja tutaingia pamoja tukawaangalie. Hajaingia bado, na sitamharakisha.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa watoto tuliowafukuza kwenye mlango wako tukidhani tunawaleta. Walainishe nyoyo waliokimbia warudi. Wape walimu wetu elimu, subira na riziki ya halali. Wafanye watoto wetu waipende nyumba yako kabla hawajaamrishwa kuijia. Amin, amin, yaa Rabbal-aalamin.

Ukiona lina faida, mpelekee mjumbe mmoja wa kamati ya msikiti wako. Huyo mmoja anatosha.

Wabillahi tawfiq.